SOMO: Kupiga picha jua likizama Ziwa Tanganyika, kwa simu au kamera (visiwani mtafaidika pia)

Wakuu, naandika hili mara moja ili siku nyingine mtu akiniuliza nimwelekeze hapa. Nachoka kuletewa picha ileile: Katonga au Kibirizi hapa Kigoma, mtu kasimama katikati, nyuma yake doa jeupe kama taa ya lori, halafu swali: "Mbona halikutoka jekundu kama nilivyoliona?" Jekundu lilikuwepo. Simu yako imelifuta, na nitaeleza ilivyolifuta.

1. Jua saa. Huku mwisho wa reli jua huzama kwenye saa moja jioni. Novemba mwanzoni linazama kabla kidogo ya saa moja, Februari linasogea hadi saa moja na dakika ishirini na kitu. Wanaotoka Dar, msije na saa zenu za kule: saa ya ukutani ni moja nchi nzima, lakini jua linawafikia nyie kama dakika 40 kabla yetu. Halafu punguza dakika chache tena, maana ng'ambo kuna milima ya Kongo na jua linajificha nyuma yake kabla ya muda unaosomeka kwenye simu. Saa kumi na mbili uwe umefika.

2. Chagua mahali mchana, si jua likiwa linashuka. Katonga, Bangwe, Kibirizi, mwalo wa Ujiji, kote unaangalia magharibi. Ila jua halishukii sehemu moja mwaka mzima: Juni linatua kulia, upande wa kaskazini, na Desemba limehamia kushoto. Mwembe uliolibeba jua vizuri mwezi wa sita hautalibeba Krismasi.

3. Futa lenzi kwa kitambaa safi cha pamba. Umetoka kula mgebuka, vidole vina mafuta.

4. Zima flashi.

5. Usivute kwa vidole kukuza. Sogea kwa miguu.

6. Weka kitu mbele: mtumbwi, mtu anayekunja nyavu, tawi. Anga peke yake inachosha kwenye picha ya pili tu.

7. PIMIA MWANGA ANGANI. Hapa someni taratibu. Simu ikiachiwa yenyewe inaangalia picha nzima, inaona mchanga na watu walio kivulini chini, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Ikiongeza, anga inaungua. Sehemu iliyoungua ikawa nyeupe kabisa haina rangi yoyote ndani yake, hata umpelekee fundi gani. Sehemu yenye giza inaweza kuvutwa baadaye, kiasi. Kwa hiyo ukikosea, kosea upande wa giza.

Namna yake: gusa kioo mahali pa anga pembeni mwa jua. Usiguse jua lenyewe, kila kitu kitakuwa lami. Shikilia kidole mpaka simu ifunge kipimo; nyingi zinaonyesha kufuli au maneno. Pembeni patatokea alama ya jua dogo, iburute chini mpaka uanze kuona rangi na ukingo wa jua. Piga.

Sasa tahadhari. Kwanza, kufuli linabaki. Jua linashuka, mwanga unapungua, na wewe bado unapiga kwa kipimo cha dakika kumi zilizopita. Fungua, pima upya, kila baada ya dakika mbili tatu. Pili, usiamini kioo. Jioni kioo kilichowekwa mwanga wa mwisho kinafanya kila picha ionekane imeiva, ukifika nyumbani ukafungua kwenye kompyuta ni usiku mtupu. Kama kamera yako ina grafu ya mwanga, iangalie hiyo: mlima ukigonga ukuta wa kulia umeunguza, wote ukirundikana kushoto umezidisha giza. Tatu, watu wa kamera kubwa zenye tundu la kioo la kuchungulia: jua likiwa bado kali, msilichungulie kwa lenzi ndefu. Jicho halina spea. Nne, ukitaka uso wa mtu uonekane na jua lionekane kwa pamoja, mpe mwanga mwingine kutoka mbele, hata wa simu ya mwenzako. Bila hivyo kubali atoke umbo jeusi na umpange asimame ubavu ubavu, pua ionekane. Najua ninachosema. Kuna picha za harusi moja ya Bangwe hazitajwi nyumbani kwangu.

8. Rangi msiiachie oto. Oto inaona njano imezidi, inaisawazisha, machweo yanageuka asubuhi ya Jumanne. Ingia kwenye mpangilio wa rangi (white balance), chagua alama ya jua au ya wingu.

9. Wenye kamera: anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/250 ya sekunde (muda wa kuingiza mwanga), halafu ubadilishe shata tu kadiri mwanga unavyokwenda. Pigeni RAW, yaani faili ghafi, kama nafasi ya kadi ipo.

10. Likizama usiondoke. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Watu wanapiga makofi, wanapanda bodaboda, na mawingu ndiyo kwanza yanaanza kuwaka kutoka chini. Kaa dakika ishirini zaidi. Usiku ambao hakuna kitu umepoteza dakika ishirini.

Kuhusu majira: Juni hadi Septemba kuna vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Jua linakuwa duara jekundu, lakini Kongo yote inapotea na mara nyingine jua lenyewe linayeyuka juu kabla halijafika milimani. Mvua ikishanyesha hewa inasafika, milima inaonekana mstari kwa mstari, mawingu yamejaa. Mimi nachukua siku ya mvua iliyokatika saa kumi jioni kuliko wiki nzima ya Agosti.

Karibuni maswali. Someni kwanza.

MASWALI

Kijana wa Mwanga: Mkuu nitumie seting za simu yangu.
Jibu: Simu gani? Na hatua ya 7 umeisoma?

Kijana wa Mwanga: Nimepitia juu juu.
Jibu: Basi pitia chini chini.

Dada Shanga: Shikamoo kaka, asante kwa somo. Mimi nataka zile taa za wavuvi wa dagaa usiku, ziwa linavyokuwa limejaa taa. Nikipiga napata nukta zilizovutika vutika tu. Nakosea wapi?
Jibu: Marahaba dada. Swali zuri. Maboti yanayumba, kwa hiyo ukiacha lenzi wazi sekunde kumi kila taa inachora mstari. Weka kamera kwenye stendi, ISO 1600, lenzi ifunguke mwisho wake, sekunde moja au mbili basi. Simu yenye hali ya usiku iegemeze kwenye jiwe, usiishike mkononi. Usisubiri giza totoro: nusu saa hivi baada ya jua kuzama anga bado ina bluu nzito, na taa juu ya bluu zinapendeza kuliko juu ya weusi. Kalenda nayo ni muhimu. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wengi wanabaki nchi kavu, kwa hiyo nenda siku za mwezi mwandamo. Na uliza kama ziwa liko wazi. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, mtu angefuata taa asingeona kitu.

Dada Shanga: Nimeelewa. Na zile za zamani za karabai zilikuwa na rangi nyingine, au ni macho yangu ya utotoni?
Jibu: Macho yako yako sawa. Taa nyingi za siku hizi ni za LED, nyeupe inayoelekea bluu. Ukisogeza rangi kidogo upande wa njano utaurudisha utoto.

Fundi Pixel: Kelele zote za nini? Piga tu, weka filta ya sunset, imeisha.
Jibu: Filta inapaka rangi juu ya kilichopo. Palipoungua inapaka chungwa juu ya ukuta mweupe. Ila kama unaridhika, mimi si mjumbe wa nyumba kumi.

Fundi Pixel: Usipaniki mzee.
Jibu: Sijapaniki.

Bwana Harusi Mtarajiwa: Tunaenda Zanzibar fungate, tumelipia Paje. Haya ya jua kuzama yanafanya kazi kule?
Jibu: Hongera. Lakini Paje na Jambiani zinaangalia mashariki. Pale amkeni alfajiri mpige jua likichomoza, machweo yatakuwa nyuma yenu juu ya minazi. Ya kuzamia baharini yafuateni Nungwi, Kendwa au Forodhani mkiwa Mji Mkongwe, kwenye saa kumi na mbili na nusu, mbele au nyuma kidogo. Kingine ambacho ziwa halikukufundisha: bahari inakupwa. Paje maji yakitoka yanakwenda mbali sana, unaweza kukuta ngalawa zimekaa mchangani. Uliza wenyeji saa za maji kujaa na kupwa. Na chumvi: kila ukirudi futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi lenzi itaingia ukungu, iache kwenye mkoba kwanza izoee joto.

Mzee wa Gungu: Mwanangu, na ukiweka meli ya Liemba mbele ya jua?
Jibu: Shikamoo mzee. Ikikaa vizuri hakuna umbo jeusi linaloizidi huku. Ila bandarini ni eneo la ulinzi, mtu aombe ruhusa getini kabla ya kutoa kamera.

Mzee wa Gungu: Marahaba. Waambie vijana ile meli Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa 1924. Wasiipige kama jahazi tu.

Kijana wa Mwanga: Nimesoma yote sasa mkuu, samahani. Naomba kujua kuhusu droni.
Jibu: Karibu tena. Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Wizara ya Ulinzi. Usirushe kwanza ukauliza baadaye, hasa mpakani huku.

Kijana wa Mwanga: Na akina mama wanaoanika dagaa, wanakubali kupigwa?
Jibu: Wengi wanakubali ukisalimia na kukaa kidogo kabla ya kutoa simu. Akikataa, funga. Akikubali, mtumie picha zake siku hiyohiyo, ukirudi watakuita wenyewe. Mwanga unalala vizuri juu ya chanja kuanzia saa kumi na moja na nusu. Pita ukingoni, dagaa wengine wameanikwa chini mchangani.