Kutoka barabara ya Horohoro hadi kundi la Ulaya: namna ya kujijenga kuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa

Tanga miguu ipo. Mji umezoea baiskeli tangu enzi za babu zetu, na kijana anayepandisha magunia mawili ya mkaa juani ana mapafu ambayo Mzungu angeyalipia. Kinachomwangusha akifika mbio kubwa ni kundi: kukimbia kilomita 45 kwa saa huku watu 150 wamekuzunguka, viwiko vinagusana na tairi la mbele yako liko umbali wa mkono mmoja. Hayo ndiyo ya kujifunza kwanza, na yanafundishika hapahapa nyumbani.

Tuanze na umri, maana hausubiri. Kwa kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia lenye makao yake Aigle, Uswisi, mwaka unaotimiza miaka 17 na ule wa 18 unakimbia daraja la vijana. Kuanzia 19 hadi 22 uko daraja la chini ya miaka 23. Timu zinasaka watu kwenye madaraja hayo mawili. Anayeanza na miaka 25 anaweza kuwa bingwa wa taifa, ila mkataba wa nje ni nadra kuupata.

Baiskeli na kimo cha kiti

Usiuze kiwanja ili ununue baiskeli ya kaboni. Kanuni inakataza baiskeli ya mashindano yenye uzito chini ya kilo 6.8, na ya mtumba yenye kilo 9 inatosha kabisa kukufundisha, mradi fremu haina ufa na ni ya kimo chako.

Kiti ndicho kinachoharibiwa zaidi. Mazoea ya mtaani ni kukishusha hadi nyayo zikanyage chini, jambo jema kwa kubeba abiria na baya kwa magoti. Simama peku ukutani, bana kitabu kigumu kati ya mapaja kikiwa kimegusa mfupa, kisha pima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 80, kiti kiwe sentimita 70.6 kutoka katikati ya ekseli inayozungukwa na mikono ya pedeli hadi juu ya kiti. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Likiuma nyuma, au nyonga zikicheza huku na huku, kiko juu. Rekebisha milimita 3 kwa mara, uendeshe siku chache kabla ya kugusa tena.

Upepo wa chumvi wa Raskazone unakula cheni haraka kuliko unavyodhani. Kila wiki isugue kwa mafuta ya taa na brashi, ikaushe kwa kitambaa, weka tone moja la oili kwenye kila roli, subiri, kisha futa yote iliyobaki nje. Oili ya nje haisaidii kitu. Inakamata mchanga tu. Kila mwezi pima kwa rula kutoka katikati ya pini moja hadi pini ya 24 baada yake. Cheni mpya inasoma milimita 304.8. Ikifika 306.3 kwenye baiskeli yenye giya 11 za nyuma, ibadilishe. Ukiiacha hadi 308, imeshatafuna meno ya giya za nyuma na utanunua vyote viwili.

Matairi nayo watu wanayajaza mpaka yanakuwa jiwe. Mwenye kilo 65 kwenye tairi la milimita 28 anatosheka na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 65 hadi 70. Zaidi ya hapo, kwenye lami yetu yenye kokoto, baiskeli inarukaruka, na mvua ikinyesha inateleza. Ukipata pancha, pitisha kitambaa ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu mpya: vipande vya waya kutoka matairi ya malori hubaki vimejificha, na tyubu ya pili hupasuka baada ya dakika tano.

Kundi na upepo

Barabara ya Horohoro, kama kilomita 65 hadi mpakani, ni darasa zuri kuliko ile ya Segera, ambako malori hayapumziki. Inaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, bahari ikiwa mkono wa kulia. Maana yake upepo wa bahari unakupiga kulia ukienda na kushoto ukirudi. Kaskazi inakupinga ukitoka mjini. Kusi inakusukuma hadi Duga, kisha inakudai deni lote njiani kurudi. Msimu wa kusi usitumie nguvu zote kwenda. Wengi wanarudi wakikokota baiskeli.

Tokeni watu sita, saa 12 kamili asubuhi, na zoezi lianze mkishapita Mabokweni ambako magari yanapungua. Upepo ukitoka kulia, kivuli cha upepo kiko nyuma upande wa kushoto wa aliye mbele yako. Kwa hiyo mnajipanga mshazari, kila mtu akiwa nyuma kidogo na kushoto kidogo kwa mwenzake. Wa mbele anavuta sekunde 20 hadi 30 bila kuongeza kasi, anatoka kulia, yaani upande upepo unakotoka, anapunguza mkandamizo kidogo na kurudi nyuma akiwakinga wanaopanda. Akifika mwisho anaingia kushoto nyuma ya wa mwisho, na anaanza kukanyaga kabla hajapitwa kabisa. Akichelewa hapo linafunguka pengo la mita mbili, na pengo hilo kulifunga kunakula nguvu kuliko zamu nzima ya mbele.

Kosa la kila mgeni ni kufika mbele na kufyatuka kwa sifa. Kasi ikiwa 36 unapoingia, iache 36. Ukipandisha hadi 40, unawavunja wa nyuma na kundi linakufa.

Wakati wa kurudi upepo uko kushoto, na mshazari ungewasogeza katikati ya barabara, mbele ya mabasi. Msifanye hivyo. Rudini mstari mmoja, mkibadilishana. Mshazari wa kwenda kulia mtaufanyia kwenye mbio zilizofungiwa barabara.

Kugusana jifunzeni kwenye uwanja wa nyasi, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Endesheni wawili bega kwa bega, viwiko vimelegea, msukumane taratibu. Kisha mmoja akae nyuma, aguse tairi la nyuma la mwenzake kwa tairi lake la mbele. Silika itamwambia avute usukani upande wa pili, na ndipo atakapoanguka. Alegeze mikono, aegemee kidogo kuelekea tairi lililomgusa, apunguze kasi mpaka waachane. Rudieni mpaka lisiwashtue tena.

Jambo la mwisho la kundi ni mahali pa kukaa. Kabla ya kona nyembamba au kilima, uwe miongoni mwa 30 wa kwanza. Wa mbele wanapita kona kwa kasi ileile. Wa nyuma wanafunga breki karibu kusimama, kisha wanakimbia kwa nguvu zote kuwafikia. Kona 20 za hivyo zinamaliza mtu ambaye miguu yake haina tatizo lolote.

Wiki ya mazoezi

Mwaka wa kwanza saa 10 hadi 14 kwa wiki zinatosha. Jumatatu pumzika. Siku mbili za wiki fanya kazi ngumu: dakika 8 mara nne kwa nguvu ambayo huwezi kuzungumza, ukipumzika dakika 4 katikati; siku nyingine, dakika 20 mara mbili kwa nguvu ambayo unaweza kutoa maneno mawili matatu. Jumamosi au Jumapili nenda mwendo mrefu wa saa nne. Zilizobaki ni mwendo wa kupiga soga, pedeli zikizunguka mara 85 hadi 95 kwa dakika. Ongeza wiki tatu, punguza ya nne. Wengi wetu tunakosea kwa kufanya siku nyepesi kuwa ya kushindana na bodaboda, halafu siku ngumu tunakosa nguvu.

Milima haiko mjini. Mara moja au mbili kwa mwezi chukua basi hadi Mombo, upande Lushoto kupitia Soni: kama kilomita 33, ukipanda takriban mita 1,000. Kushuka ndiko kwa hatari. Funga breki kabla ya kona, uachie ndani ya kona, na uchukulie kwamba kila kona ina Coaster inayokuja.

Kula na kunywa

Baada ya saa moja na nusu ya kazi, mwili unahitaji gramu 60 za wanga kila saa, na wazoefu wanafika 90. Ndizi mbili na nusu zinakaribia hizo 60. Kwa chupa, weka katika lita moja ya maji gramu 60 za sukari, ambazo ni kama vijiko vitano vya chakula vya kusawazisha, robo kijiko cha chai cha chumvi na ndimu. Joto letu linadai kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Madafu ni mazuri, lakini yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, wakati jasho linatoa chumvi. Yaongezee chumvi. Ramadhani, endesha saa moja nyepesi inayoishia karibu na futari, na kazi ngumu ihamie baada ya tarawehe, ndani, ukiwa na mashine ya kuendeshea baiskeli ikiwa imesimama mahali pamoja.

Dawa

Hapa vijana wanapoteza maisha ya kazi bila nia mbaya. Kinachokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama alikupa muuguzi. Dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 hairuhusiwi, isipokuwa ni sehemu halali ya matibabu ya hospitali. Kwa hiyo usikubali "dripu ya nguvu" kwenye zahanati, na ukilazwa kwa malaria tunza karatasi zote. Tramadol imepigwa marufuku mashindanoni kwa michezo yote tangu 1 Januari 2024. Sindano za steroidi za kutuliza goti nazo haziruhusiwi mashindanoni. Mitishamba isiyo na lebo iache.

Leseni, mbio na mkataba

Bila leseni matokeo yako hayapo. Leseni inatolewa na chama cha taifa, CHABATA, na ndiyo inayokuingiza kwenye orodha ya UCI. Kutoka hapo njia ya kawaida ni ubingwa wa taifa, kuitwa timu ya taifa, kisha mbio za hatua (za siku kadhaa, kila siku hatua yake) za Afrika kama Tour du Rwanda. Kituo cha UCI cha Aigle nacho huwachukua vijana na kuwakimbiza Ulaya. Biniam Girmay wa Eritrea alipitia hapo. Mwaka 2022 alishinda Gent–Wevelgem, mbio za Ubelgiji, na 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na fulana ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi.

Ukiulizwa namba, wanataka wati, yaani nguvu unayotoa kwenye pedeli, kwa kila kilo ya mwili kwa dakika 20. Chini ya 5 hawatakuandikia tena.

Timu ziko ngazi tatu: WorldTeam, ProTeam na za Continental. Mbili za juu zina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kwa kanuni. Continental hazina, na wapo wanaokimbia kwa chakula na baiskeli ya kuazima. Kabla ya kusaini, tafuta jina la timu kwenye orodha ya UCI ya mwaka huo. Timu ya kweli ya kulipwa haikutozi ada. Soma nani analipa tiketi, bima na nyumba, na wanakuombea viza gani: ile ya Schengen ya muda mfupi inakupa siku 90 tu katika kila siku 180.

Na ujue kazi yenyewe. Tour de France kila timu ina watu wanane, na wengi wao ni wasaidizi. Utarudi kwenye gari la timu, utajaza chupa saba mgongoni ndani ya fulana, utapanda kundi zima kuzigawa, kisha utamkinga kiongozi upepo mpaka uishiwe. Anayefanya hivyo vizuri anaongezewa mkataba.

Siku ya safari, fungua pedeli kabla ya kuingiza baiskeli kwenye boksi. Ya kulia inafunguka kinyume cha saa, ya kushoto inafuata saa. Wengi wanaikaza ya kushoto wakidhani wanaifungua. Punguza upepo wa matairi, weka kipande cha mti au plastiki kati ya uma za nyuma ili zisibonyee, na funga cheni kwa gazeti. Ukifika, kabla ya mteremko wa kwanza, jaribu breki: hapa kwetu mkono wa kulia kwa kawaida unafunga gurudumu la mbele, baiskeli nyingi za bara la Ulaya ni mkono wa kushoto.