Kuchora nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 50

Wateja wengi hunijia na picha kwenye simu: ghorofa, nguzo nne mbele, paa lenye pembe saba. Naomba hati ya kiwanja, nakuta ni futi 50 kwa 50. Hapo namwomba mtu arudishe simu mfukoni kwanza.

Mimi huchora ramani hapa Bombo, Uganda, na mfano ninaoutumia ni wa Afande mmoja mstaafu aliyenunua kiwanja kando ya barabara ya Gulu. Wako sita: yeye, mkewe, wavulana wawili na wasichana wawili. Alitaka tuanze na sebule. Nikamwambia vyumba tutavichora mwisho. Kinachotangulia ni vile visivyokubali kuhamishwa: mpaka, mteremko, choo na jua.

Hatua ya 1: Pima mwenyewe

Dalali huuza kwa futi, jirani hutaja desimali, hati huandika hekta. Desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari, yaani futi za mraba 435.6. Kwa hiyo 50 kwa 50 ni desimali 5.7 hivi, na kwenye hati utasoma hekta 0.023. Namba hizo zikikataa kukubaliana, usichore. Mwite mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mpaka.

Kisha vuta tepu kutoka kona hadi kona, mara mbili. Kwenye mraba wa kweli wa futi 50, zote mbili zitatoka futi 70 na inchi 8 na kidogo. Moja ikizidi nyingine kwa futi nzima, kiwanja kimepinda na nyumba ya mstatili itakuachia kipembe cha ajabu upande mmoja.

Siku hiyohiyo pita kwa afisa wa mipango wa halmashauri, uulize nyumba inatakiwa ikae umbali gani kutoka barabarani na kwa majirani. Ukiona mafunjo yanaota karibu, ulizia pia kama pale ni ardhi oevu. Walioona NEMA, mamlaka ya mazingira, ikibomoa nyumba kwenye ardhi oevu ya Lubigi mwaka 2024 hawahitaji kuelezwa sababu.

Hatua ya 2: Choo kabla ya sebule

Hapa ndipo niliposomea kwa gharama. Ramani yangu ya tatu ilikuwa ya dada yangu. Niliweka tangi la majitaka nyuma ya nyumba, mahali pazuri, hapaonekani. Miaka minne baadaye likajaa. Lori la kunyonya likafika, dereva akashuka, akatazama upenyo wa mita moja na nusu kati ya nyumba na uzio, akatazama mpira wake, akarudi ndani ya gari. Tulitoboa uzio wa jirani, tukamlipa fundi aujenge tena. Dada hajawahi kunikumbusha, lakini kila nikienda kwake ananipitisha njia ile.

Sehemu kubwa ya miji yetu haina mabomba ya majitaka ya umma, kwa hiyo tangi lako ni lako, na siku moja lori litakuja. Tafuta upande wa chini wa mteremko unaofikika kutoka getini. Kwa Afande mteremko unashukia barabarani, na barabara iko kaskazini. Tukaacha nafasi pana upande wa magharibi: gari litalala hapo, na tangi litakuwa chini yake, limefunikwa zege lenye nondo linaloweza kubeba gari. Kama eneo lina kisima au chemchemi, shimo ambamo maji ya tangi hunywewa na udongo likae angalau mita 30 mbali nacho. Kiwanja kisipotosha, jenga choo cha aina nyingine, kisichopitisha majitaka ardhini. Usikubali kupunguza hizo mita.

Hatua ya 3: Jua na mvua

Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua hutembea kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine, lakini kila jioni linatua magharibi na kupiga ukuta kwa ubapa. Kwa hiyo laza nyumba mashariki kwa magharibi: kuta ndefu na madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na mabati yatokeze nje ya ukuta sm 60 au zaidi. Upande wa magharibi weka jiko, choo na bafu. Sebule ikigusa upande huo, nyima ukuta ule dirisha. Vyumba vya kulala vikae mashariki, vipoe mapema kabla watoto hawajalala.

Mvua ni hesabu fupi. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, limekusanya lita 2,000. Chora mahali pa tangi la maji leo, karibu na jiko. Ukiliacha mpaka nyumba iishe, litaishia mbele ya dirisha la chumba cha mtu.

Hatua ya 4: Boksi la nyumba

Chukua daftari la hesabu la mtoto, lile la miraba midogo. Mraba mmoja uwe nusu mita. Futi 50 ni mita 15.2, yaani miraba 30 na kidogo kila upande.

Kwa Afande tulikata hivi. Kutoka magharibi: mita 3.7 za gari na tangi, mita 10 za nyumba, mita 1.5 za kupita. Kutoka barabarani: mita 4 mbele, mita 8 za nyumba, mita 3.2 za ua wa nyuma. Nyumba ni mita za mraba 80. Ukiondoa unene wa kuta za nje, tofali na plasta, zinabaki 71 hivi. Hizo ndizo za kugawana.

Ghorofa? Ngazi ya kupanda mita 3 inataka vidato 17 hivi, na urefu wake sakafuni unapita mita 4. Unapoteza nafasi chini na juu, na bado utalipia nguzo na sakafu ya zege. Kwa familia ya watu sita mimi sishauri.

Hatua ya 5: Vitanda kwanza, kuta baadaye

Watu huchora chumba kisha wanatafuta pa kuweka kitanda. Geuza. Kata vipande vya boksi kwa kipimo kilekile cha daftari: kitanda cha 5 kwa 6 (sm 152 kwa 183), kitanda cha ghorofa cha watoto (sm 91 kwa 183), kabati lenye kina cha sm 60, kochi la sm 90, meza ya kulia. Vipange, kisha zungushia ukuta.

Kitanda cha 5 kwa 6 kikipata sm 70 kila upande, chumba kina upana wa mita 3 kasoro kidogo. Weka kabati miguuni na sm 75 za kupita, urefu ni mita 3.2. Basi, hicho ni chumba cha wazazi. Cha watoto wawili wenye kitanda cha ghorofa, kabati na kimeza, mita 2.5 kwa 3.1 kinatosha. Chora na mlango ukiwa wazi, kile kirobo cha duara. Nimeona mlango unaogonga kitanda kila asubuhi kwa miaka kumi.

Hatua ya 6: Futa korido

Korido ya mita 1.2 kwa 6 ni mita za mraba 7.2. Chumba cha watoto hapo juu ni 7.75. Umejenga chumba kizima cha kupitia tu! Badala yake weka kiukumbi cha mita 1.2 kwa 2.4 mwishoni mwa sebule, na milango ya vyumba vyote vitatu na ya choo ifungukie hapo. Pazia moja linatosha kukificha wageni wakija.

Choo na bafu vitenganishe, kila kimoja na mlango wake. Asubuhi ya shule watu sita hawawezi kumsubiri mmoja anayeoga. Jiko liegemee ukuta wa bafu, mabomba yote yapite upande mmoja kuelekea tangi la majitaka. Kila ukivusha bomba chini ya sakafu ya sebule, unajiwekea fundi wa kuvunja vigae siku za mbele.

Hatua ya 7: Jiko la kweli

Picha za simu huonyesha jiko lililo wazi kwa sebule. Anayezipenda mwulize matoke yatachemkia wapi. Sigiri ya makaa haipikiwi ndani. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa inaua. Jiko la ndani fanya dogo, mita 2.4 kwa 3 hivi, la gesi na vyombo, lakini mlango wake ufungukie baraza ya nyuma iliyoezekwa, yenye sinki na pa kuweka makaa makavu. Kazi kubwa itafanyika pale.

Hatua ya 8: Majivu

Kabla ya kumlipa yeyote, nenda kiwanjani na kamba, vigingi na ndoo ya majivu. Chora nyumba yote chini kwa kipimo chake halisi, milango ikiwa wazi. Kisha mwite atakayeishi humo siku nzima. Mke wa Afande alitembea toka kwenye alama ya jiko hadi baraza akiwa amejifanya amebeba sufuria, akasimama. "Mlango huu unanipeleka kwenye mvua." Tukausogeza sm 80, ukawa chini ya paa. Afande akauliza kwa nini sikuliona hilo. Nilikuwa natazama daftari.

Ukishamaliza, peleka mchoro huo kwa msanifu aliyesajiliwa autengeneze rasmi na kuusaini, kwa maana Sheria ya Uganda ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inataka kibali kabla ya kuchimba msingi. Mpe na nakala ya hati. Daftari baki nalo. Fundi mwashi ataliomba kuliko ramani yenyewe.