Kabla hujang'oa silindri ya DT, maliza haya kwanza

Silindri yenyewe haina shida. Kwenye Yamaha DT ya zamani, ile inayopozwa na upepo, fundi mwenye mkono mwepesi anaitoa kabla chai yake haijapoa vizuri. Shida ni siku zinazofuata, moto (pikipiki yako) imesimama juu ya matofali kwenye parcelle, uani kwako, injini mdomo wazi, na wewe unazunguka Birere, mtaa wa maduka hapa Goma, kutwa unauliza segma (pete za pistoni) za saizi ambayo hata wewe mwenyewe huijui. Mimi nimepita huko. Ndiyo maana siku hizi kabla sijashika kle (spana) kuna mambo nayamaliza kwanza, na nayaandika kwa wenzangu wenye hizi DT na Yamaha AG 100 zilizobaki za mashirika na za maparokia, kwa sababu moto nyingi za hapa Goma sasa ni za mipigo minne na vijana wengi wa garaji wanafungua injini ya mipigo miwili kwa mazoea ya zile nyingine.

Kwanza kabisa jiulize kama kweli unahitaji kuitoa. Moto imepungua nguvu, sawa, lakini umeangalia filta ya hewa? Umeangalia buji (plagi), umesafisha kabureta? Injini hii inachoma oili pamoja na esansi (petroli), kwa hiyo masizi yanajaa kwenye tundu la kutolea moshi na ndani ya bomba mpaka moshi unakosa pa kupita, na mtu anaanza kusema pistoni imekwisha kumbe bomba limeziba. Fungua bomba la moshi peke yake, washa tochi ya simu, chungulia kwenye lile tundu huku unasukuma kiki polepole kwa mkono. Utaiona pistoni ikipita mbele yako na segma zake. Ikiwa ubavu wake ni laini na segma zinang'aa sawasawa, tulia kwanza, tafuta ugonjwa kwingine. Ukiona mistari ya wima iliyochimbika, au pistoni imepakwa kama bati lililoyeyuka, hapo haya, tuendelee.

Ukiwa hapo hapo kwenye tundu, chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu ya redio, iguse kwenye ukuta wa ndani wa silindri. Ikivuta kwa nguvu, una shemizi (ala ya ndani ya silindri) ya chuma, inaweza kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Isipovuta, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa ngozi ngumu ya nikeli, zile moto za mashindano nyingi ziko hivyo, na hiyo haichongwi kama shemizi, atakayekuambia anaichonga tu anaharibu kitu chako. DT na AG za zamani ni za chuma, kwa hiyo wengi wetu hapa tuko salama.

Jambo la vipuri ndilo linawakwamisha watu, acha nikae hapo kidogo. Pistoni za kuongeza zinakuja kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 milimita juu ya saizi ya kiwandani, na kwenye DT 125 saizi ya kiwandani ni milimita 56. Sasa moto yako imepita mikononi mwa watu wangapi? Hujui ilishachongwa mara ngapi. Unaweza kufungua kulasi, kile kifuniko cha juu ya silindri, peke yake, ukafuta masizi juu ya kichwa cha pistoni, mara nyingi namba imegongwa pale pale. Ukisoma 050 ujue safari ijayo ni 075. Hapo ndipo unaenda kutafuta pistoni, segma, pini yake, klipsi mbili mpya na gasketi, na usipeleke silindri kwa fundi wa kuchonga kabla pistoni iko mkononi, kwa sababu anachonga kwa kufuata pistoni yenyewe, siyo kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Kuna duka mjini waliniuzia pistoni ya 0.75 ndani ya boksi safi kabisa, segma ndani yake zikawa za 0.50. Nilikuja kugundua usiku, silindri imeshachongwa. Tangu siku hiyo mimi nafungua boksi mbele ya muuzaji, nazungusha segma kwenye mfereji wake, napima, ndipo natoa pesa. Akununie, haina neno.

Gasketi ya chini usikubali kukatiwa kwenye karatoni ya sabuni. Unene wake ndio unaopanga silindri ikae juu kiasi gani, na ikipanda au kushuka hata kidogo matundu yanafunguka wakati usio wake. Itunze ya zamani hata kama imechanika, uilinganishe.

Halafu usafi. Sisi wa Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano, lile vumbi jeusi la makoro siyo vumbi la kawaida, lisugue katikati ya vidole usikie, ni kama msasa. Kwenye injini ya mipigo minne kuna oili inayozunguka chini na sehemu nyingine kuna filta, uchafu kidogo unaweza kukamatwa. Hapa hakuna. Chumba cha chini, kule mkono wa pistoni unakozungukia, ndiko esansi na hewa vinapitia kabla ya kupanda juu, na rulema (beringi) zake zinalainishwa na ile oili kidogo tu iliyochanganywa. Punje ikiingia humo inasaga rulema na baadaye inapanda kuchana silindri yako mpya. Kwa hiyo moto inaoshwa siku moja kabla, brashi ya meno inapita katikati ya mapezi yote ya silindri na hasa pale chini inapokutana na injini, mlango wa kabureta na wa bomba vimezibwa, kisha inakauka kabisa. Ndugu zangu, usioshe kwa esansi mahali mama anapikia. Mbabula yenye makaa iko hatua tano na wewe una beseni la esansi, hapana.

Usiku wa kuamkia kazi, weka oili ya kulegeza kutu kwenye nati zote za kulasi, za chini ya silindri na za bomba la moshi. Bulon (bolti) ya bomba ikikatikia ndani ya silindri utaongeza siku mbili ambazo hukuzipanga. Na usifungue injini ikiwa na joto, kulasi ya aluminiamu ikilegezwa ya moto inaweza kupinda. Unalegeza kwa msalaba, robo mzunguko kwanza kila nati, halafu unarudia.

Vyombo siyo vingi: kle zako za kawaida, nyundo ya mpira au ya mbao, koleo la ncha nyembamba la klipsi, vitambaa visivyotoa nyuzi, na katoni ambayo umetoboa matundu ya kuchomeka bulon kama zilivyokuwa zimekaa. Bisibisi ya kuingiza chini ya silindri ili ipande, hiyo iache kwenye sanduku. Ukikwangua uso pale hewa itapenya, mchanganyiko unapungukiwa esansi, pistoni inayeyuka na utarudi mwanzo. Gonga taratibu pembeni kwa nyundo ya mpira, itaachia.

DT na AG zina pampu ya oili. Panga mapema utaziba na nini ule mrija mwembamba ukiuchomoa, bulon ndogo safi inatosha, na kumbuka ukirudisha lazima utoe hewa yote ndani ya mrija kabla ya kuwasha, maana dakika chache bila oili zinatosha kukwamisha pistoni mpya. Kama yako ni ya radiateri, maji yatoke yote kabla kulasi haijaguswa. Na zile zenye valvu ya moshi, YPVS na ndugu zake, fungua kamba au mkono wake kwanza, la sivyo utavuta silindri ukidhani imeganda kumbe imefungwa.

Tafuta mtu wa pili. Silindri ikipanda sentimita mbili au tatu hivi yeye anaishikilia, wewe unajaza kitambaa kuzunguka mkono wa pistoni, ndipo inatoka mazima. Ivute wima, usiizungushe kushoto kulia, ncha za segma zimepangwa mbali na matundu makusudi, ukizungusha zinaingia tunduni na kuvunjika. Kuhusu hicho kitambaa mimi nina kidonda. Mwaka wangu wa kwanza nilikidharau, nikang'oa klipsi ya pini kwa bisibisi, ikaruka, ikagonga kidole gumba, nikasikia "tin" moja ndogo chini ya injini. Tulipindua moto kichwa chini, tukapitisha sumaku, wapi. Ikabidi injini nzima ishushwe na kupasuliwa katikati kwa ajili ya kipande cha waya kisichofika gramu mbili.

Piga picha kila hatua, na ya kwanza iwe mshale ulio juu ya pistoni, ule unaangalia upande wa bomba la moshi. Mimi huanza saa moja asubuhi na turubai iko tayari karibu, kwa sababu mvua ya hapa inapenda kuja mchana bila kubisha hodi, na silindri ikishatoka sitaki kuanza kuhamisha injini iliyo wazi.