Somo: Kufunga ekzosi mpya kwenye pikipiki ya spoti, kuanzia gasketi hadi mchanganyiko wa mafuta

Pikipiki tatu za mwisho zilizoletwa kwangu kwa malalamiko ya "ekzosi mpya haina nguvu" zilikuwa na ugonjwa mmoja. Ekzosi zenyewe zilikuwa nzima, lakini moshi ulikuwa unavuja pale mabomba ya mbele yanapokutana na silinda hedi, yaani kichwa cha injini, na wenyewe walikuwa wameshaanza kulaumu aliyewauzia. Kwa hiyo katika somo hili nitakaa sana kwenye maungio na kwenye mafuta, kwa kuwa huko ndiko kazi inakoharibikia, na nitapita haraka kwenye mambo ambayo kila mtu mwenye spana anayaweza.

Kabla ya kununua, amua unabadilisha nini. Unaweza kubadilisha sailensa peke yake, yaani kile kipande cha nyuma, ukaacha mabomba ya mbele na kataliti ya kiwandani (kile kifaa cha kusafisha moshi) mahali pake. Unaweza pia kubadilisha mfumo mzima kuanzia kwenye silinda hedi. Kwa mtu anayeendesha hapa Dar es Salaam kutoka Tegeta kwenda Posta na kurudi, ushauri wangu ni sailensa peke yake. Utapunguza uzito wa kilo kadhaa na utapata mlio mzito zaidi, ilhali mchanganyiko wa mafuta na hewa hautasumbuka sana. Mfumo mzima huongeza nguvu farasi chache, na aghalabu nguvu hizo huonekana injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, mahali ambapo barabara zetu hazikuruhusu kufika mara kwa mara.

Nunua ekzosi iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako na mwaka wako. Yamaha R6 ya mwaka 2005 na ya mwaka 2006 zina jina moja, lakini ekzosi ya moja haiingii kwenye nyingine, kwa sababu ile ya 2006 ilihamishiwa chini ya injini. Kama unanunua sailensa ya kuunganisha kwenye bomba lililopo, pima kipenyo cha bomba kwanza kwa kalipa, maana zinazouzwa sana ni za mm 51 na za mm 60, na tofauti hiyo haizibwi kwa kubana klempu. Kariakoo utakutana na sailensa nyingi zenye vibandiko vya Yoshimura ya Japani au Akrapovič ya Slovenia, majina yaliyojengwa kwenye mbio za pikipiki na ambayo kwa sababu hiyo huigwa kila mahali. Usisome kibandiko. Angalia mstari wa kuchomelea kama umelala sawasawa, ingiza kidole mdomoni mwa sailensa uguse bomba lenye matundu lililo ndani kama limeshikiliwa imara, kisha itikise. Ikigongagonga ndani, irudishe kwenye shelfu.

Hatua ya kwanza ni ya usiku wa kuamkia kazi. Pikipiki ikiwa imepoa kabisa, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila nati inayoshika mabomba kwenye silinda hedi, na uyaache yanywee hadi asubuhi. Kwa pikipiki zinazolala Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, rudia mara mbili.

Hatua ya pili, simamisha pikipiki kwenye stendi ya nyuma, mahali tambarare, na ufungue makava ya plastiki ya pembeni na ya chini. Picha za simu zipigwe hapa, kabla hujagusa waya wowote. Pikipiki nyingi za silinda nne zitakulazimu kusogeza rejeta mbele kidogo ili soketi ipate nafasi. Legeza bolti zake za chini tu, bila kufungua mipira ya maji.

Hatua ya tatu, chomoa waya wa sensa ya oksijeni kwenye plagi yake ya juu, kisha ndipo ufungue sensa yenyewe. Ukianza kuizungusha sensa waya ukiwa umeunganishwa, utausokota mpaka ukatike ndani, na kwa macho hutaona kitu. Kama ekzosi ya kiwandani ina vali inayovutwa na mota ndogo kwa nyaya mbili, mfumo ambao Yamaha huuita EXUP na Suzuki huuita SET, toa nyaya hizo bila kukata chochote. Mota ikichomolewa plagi hivihivi, kompyuta ya injini itawasha taa ya hitilafu kwenye dashibodi, kwa hiyo agiza mapema kifaa kinachoidanganya kompyuta kwamba vali bado ipo.

Hatua ya nne ndiyo inayotenganisha fundi na mtu mwenye haraka. Nati za kwenye silinda hedi mara nyingi hukaa kwenye stadi za mm 8, yaani bolti zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye alumini, na stadi hizo zimepashwa joto na kupozwa maelfu ya mara. Ukiona nati imegoma, usiilazimishe. Ikaze kidogo sana, kisha ilegeze kidogo, ongeza mafuta, rudia. Nati ikitoka kwa shida, mkono utasikia ukinzani wa kukwaruza, kama mchanga uko kwenye nyuzi. Ukinzani ukigeuka ghafla kuwa ulaini wa mpira, simama hapohapo, kwa sababu stadi imeanza kujisokota na robo mzunguko inayofuata itaikata. Mimi niliipuuza dalili hiyo kwenye pikipiki yangu mwenyewe, stadi ikakatikia ndani ya alumini, na kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku nne, kwa kuwa ilibidi kuitoboa katikati kwa keekee na kukata nyuzi upya. Penye ukinzani mkubwa, pasha nati joto kwa tochi ya gesi kwa uangalifu, mbali na mipira na tangi, baada ya kuyafuta mafuta yote uliyopulizia, maana yanashika moto.

Hatua ya tano, mabomba yakishatoka, chukua tochi uchungulie kila tundu la moshi. Ndani utaona pete iliyokandamizwa, nyeusi kwa masizi, iliyokaa sawa kabisa na ukingo wa alumini hivi kwamba ni rahisi kudhani ni sehemu ya silinda hedi. Hiyo ni gasketi ya zamani, pete ya kuziba moshi usivuje. Kwenye mbili kati ya zile pikipiki tatu nilizozitaja, fundi hakuitoa, akaweka mpya juu yake, na bomba likashindwa kukaa sawa. Kwaruza taratibu ukingoni kwa ncha ya bisibisi ndogo mpaka uone mng'ao wa shaba au wa chuma tofauti na weupe wa alumini, kisha inyofoe kwa ndoano bila kuchimba alumini yenyewe. Safisha kiti chake, na ziba tundu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi hadi utakapokuwa tayari. Gasketi mpya ni ya lazima, kwa maana kazi yake ni kukandamizwa mara moja tu. Ipake grisi kidogo sana ili ishike mahali pake wakati unainua mabomba.

Hatua ya sita, funga kila kitu kikiwa kimelegea. Nati za mbele zote ziingizwe kwa vidole, maungio ya kati yaunganishwe, sailensa ining'inizwe kwenye brakati yake, springi ziwekwe kwa ndoano yake na si kwa koleo, kisha utazame mfumo wote kwa nyuma na kwa pembeni kama umekaa bila kulazimishwa. Ndipo ukaze, ukianzia kwenye silinda hedi na kurudi nyuma, kila tundu kwa zamu, kidogo kidogo, na mwisho kwa spana ya kupimia mkazo. Tumia kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mafundi cha modeli yako, si cha jirani. Anayeanza kukaza sailensa na kumalizia mbele huuacha mfumo ukiwa umevutwa kama upinde, na baada ya miezi michache brakati hupasuka kwenye mstari wa kuchomelea.

Sasa vaa glavu safi, ufute mabomba yote kwa spiriti. Jasho na mafuta ya vidole huungua kwenye chuma cha pua na titani mara ya kwanza kinapopata moto, na alama za vidole vyako vitano zitabaki pale kama muhuri.

Hatua ya saba, washa injini nje, si ndani ya banda. Moshi mwepesi wa dakika za kwanza ni grisi na mafuta ya kiwandani yanayoungua. Bomba likiwa bado baridi, pulizia maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yakicheza, pana uvujaji. Sikiliza pia mlio mwembamba wa "tsk tsk" karibu na silinda hedi, unaofuata mwendo wa injini. Zima, kisha mtu mzito aikalie pikipiki huku wewe ukitazama kama sailensa iko mbali na tairi, mpira wa breki na makava. Endesha kilomita chache, iache ipoe kabisa, halafu rudia kukaza nati zote. Siku inayofuata angalia tena: mstari mweusi wa masizi kwenye ungio ni ushahidi kwamba moshi unapita hapo.

Limebaki suala la mafuta. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya mafuta. Sensa ya oksijeni husaidia kompyuta kuulinda uwiano huo unapoendesha kwa mwendo wa wastani, lakini ukifungua resi yote, kompyuta hufuata jedwali la mafuta lililowekwa kiwandani kwa ajili ya ekzosi ya kiwandani. Mfumo mzima usio na kataliti hupitisha hewa kwa wepesi zaidi, mafuta yakabaki yaleyale, na injini ikaanza kuchemka zaidi ya kawaida. Kwenye foleni ya makutano ya Morocco, hapa Dar, mchana wa Februari, hilo si jambo dogo. Aliyefunga mfumo mzima apange bajeti ya kurekebisha jedwali hilo tangu siku ya kwanza, na asione kuwa ni anasa ya baadaye. Aliyefunga sailensa peke yake kwenye pikipiki ya injekta kwa kawaida hahitaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Tabata: Shikamoo fundi. Ninja 250 yangu ni ya kabureta. Nimebadilisha sailensa tu, sasa kila nikiachia resi inapasua nyuma. Niongeze jeti?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usiguse kabureta kwanza. Unapoachia resi, uvujaji kwenye ungio huvuta hewa ya nje, nayo hukutana na mafuta ambayo hayakuungua ndani ya bomba la moto na kulipuka, kwa hiyo hakikisha maungio kwa maji ya sabuni kama nilivyoeleza. Yakiwa salama, toa plagi ya cheche baada ya mwendo mrefu. Ncha ya kahawia isiyokolea ni nzuri, lakini ikiwa nyeupe kama chokaa, mafuta hayatoshi. Hapo anza kuongeza ukubwa wa jeti (kitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta) ya mwendo wa chini, hatua moja kwa wakati mmoja, kwa kuwa ndiyo inayohusika resi ikiwa imefungwa.

Mwanachama wa Kigamboni: Kaka, nimepewa chaguo la chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nyeusi na chuma cha pua. Bei ni karibu mara mbili. Kweli kuna haja?

Jibu: Kwako wewe ipo. Chuma cha kawaida huanza kuoza kwa ndani, ambako rangi haikufika na ambako maji yanayotokana na kuungua kwa petroli hubaki ukizima injini baada ya safari fupi. Kwa nje, chumvi hushambulia kila mahali rangi ilipokwaruzwa. Chuma cha pua nacho hupata madoa ya kahawia kwa upepo wa bahari, lakini hayo ni ya juujuu. Yasuuze kwa maji baridi ya bomba kila wiki, injini ikiwa imepoa.

Mwanachama wa Sinza: Kaka, wenzangu wananishauri nitoe kile kipande cha kupunguza sauti mdomoni mwa sailensa ili ipate nguvu. Mimi ni dada ninayerudi nyumbani saa nne usiku na majirani wana watoto.

Jibu: Dada yangu, kiache. Ongezeko la desibeli 10 sikio hulisikia kama sauti iliyokaribia maradufu, na nguvu utakayoipata huwezi kuihisi kwenye kiti. Kwa pikipiki nyingi kukitoa huchafua mwendo wa chini, ule unaoutumia kwenye foleni. Tena kelele ina sheria: zipo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na trafiki akikusimamisha hutakuwa na la kujitetea. Kwa ajili ya masikio yako mwenyewe, vaa viziba masikio ndani ya helmeti.

Mwanachama wa Mbezi Beach: Mzee wangu, nina bima kubwa. Niwaambie kwamba nimebadilisha ekzosi? Na ile ya zamani niiuze?

Jibu: Waambie, kwa maandishi, ukiambatanisha risiti, na utunze nakala ya majibu yao. Ajali ikitokea, usiwape nafasi ya kusema pikipiki iliyogongwa si ile waliyoikatia bima. Ekzosi ya zamani usiiuze kabisa, kwa kuwa mnunuzi wa kesho wa pikipiki mara nyingi huitaka, na wewe mwenyewe utaihitaji hii mpya ikipasuka. Imwage maji yote, ipake oili nyepesi ndani na nje, ziba midomo yote miwili kwa kitambaa, uifunge kwenye nailoni na kuiweka juu, mbali na sakafu ya zege. Nati, springi na vile vipande vidogo vya mpira vya brakati vitie kwenye mfuko mmoja na uufunge kwenye bomba lenyewe, maana hivyo vya mpira ndivyo vinavyopotea na kuvitafuta tena ni kazi ya wiki nzima.