Mgonjwa wa kitandani nyumbani: namna ya kupata msaada wa umma hapa Uganda

Wiki iliyopita nimemaliza kumsaidia jirani yangu hapa Bombo. Mama yake, Hajati wa miaka 84, yuko kitandani tangu apooze upande mmoja. Familia ilikuwa ikiweka risiti za muuguzi kwenye bahasha, ikingoja kurudishiwa pesa. Iliniuma kuwaambia kwamba hakuna wa kuwarudishia. Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa mwaka 2021, lakini haukuwa sheria. Msaada uliopo huja vipande vipande, na kila kipande kina mlango wake.

Hatua ya 1: VHT na kituo cha afya. Mwite VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, amwone mgonjwa, kisha mwende kituo cha serikali. Ada za matibabu huko ziliondolewa mwaka 2001.

Hatua ya 2: maumivu. Kama ni saratani, acheni kununua vidonge dukani kila wiki. Mofini ya kunywa hutolewa bure nchini. Shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa mwaka 1993, huwafuata wagonjwa majumbani kutoka Makindye, Mbarara na Hoima. Mofini hufunga choo, kwa hiyo msiondoke bila dawa ya kulainisha.

Hatua ya 3: pesa za wazee, mpango wa serikali uitwao SAGE. Ni shilingi 25,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 80. Hazitoshi kumlipa muuguzi, lakini kwa Hajati ni sabuni, glavu na nepi.

Kabla ya kupanda boda kwenda popote, chukua kitambulisho cha taifa usome NIN, yaani namba ya utambulisho ya mwenye kitambulisho. Herufi mbili za mwanzo ni uraia na jinsia. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa. Ya Hajati ilianza CF53. Yaani serikali inamjua kama mtu wa 1953, na kwa hesabu hiyo hajafika miaka 80. Wazee wengi walioandikishwa mwaka 2014 hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, mwaka ukakadiriwa tu. Majina ya wanaolipwa hutokana na kumbukumbu za NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, kwa hiyo kumlilia mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) hakusaidii mpaka mwaka urekebishwe.

Hapa ndipo tulipopoteza siku tatu. Tulipeleka NIRA barua ya LC1 yenye mwaka 1940 na kiapo cha mwanasheria chenye 1942, tukarudi mikono mitupu. Karatasi zote lazima zitaje mwaka mmoja, na jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Tafuteni kwanza karatasi ya zamani, iliyoandikwa kabla ya mtu yeyote kufikiria posho: kadi ya ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya kazi. Sisi tuliipata chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni: paspoti aliyoendea Hija, kurasa zimegandana, mwaka 1941 ukisomeka vizuri. Baada ya hapo ndipo tukaandikiwa barua na kiapo upya, vyote kwa kufuata paspoti. Ada ya marekebisho lipeni benki kwa namba ya malipo ya URA (mamlaka ya mapato), wala msimpe mtu taslimu mkononi. Mimi sipendi kabisa madalali wanaokaa nje ya ofisi. Mtoto wa mzee akienda mwenyewe na karatasi zinazolingana, kazi inakwenda.

Marekebisho yakikamilika, pelekeni nakala kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa gombolola (sub-county).

Hatua ya 4: mpokeaji mbadala. Mzee asiyeweza kutoka kitandani huandikiwa mtu wa kumpokelea. Ombeni hilo siku ileile mnayopeleka nakala. Mchagueni anayelala nyumba moja na mgonjwa, hata kama kaka mkubwa wa Kampala atanuna.

Hatua ya 5: aliyeumia kazini. Huyu ndiye anayehitaji ile bahasha ya risiti. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi inamtaka mwajiri agharamie matibabu, na taarifa ya ajali itolewe kwa maandishi ndani ya mwezi 1. Bakini na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.