Kabla hujashika kamba ya ski: mambo ya kuangalia mwanzo

Skuizi huku kwetu Zanzibar kila sikukuu vijana wanachangishana, wanakodi boti ya faiba yenye mashine, wanataka kuvutwa juu ya maji kwa ski, yaani vile vibao virefu vya kuvaa miguuni, kama walivyoona kwenye simu. Sikatazi, mchezo mzuri. Lakini boti ya kuvulia haiwi boti ya ski kwa kufungwa kamba nyuma tu, kwa hiyo yasomeni haya kabla hamjatoa pesa, msingoje mpaka mshalowa.

Laifujaketi. Sisi tuliozika watu wa meli zilizozama, MV Spice Islander 2011 na Skagit 2012, habari hii hatuelezani tena. Ila iwe ya kubana mwilini, yenye mikanda ya kufunga kifuani. Mwambie mwenzio akushike mabegani ainyanyue kwa nguvu, ikikupanda masikioni si saizi yako, tafuta nyengine.

Nguo. Kaptula ya kubana, na hapa msinicheke. Ukianguka kwa kasi huku miguu imetanuka, maji yanaingia kwa nguvu sehemu ambazo hayakualikwa, na watu wameumia ndani kwa ndani kwa sababu hiyo, wanawake khasa. Dada zangu vaeni nguo ya kuogelea ya stara iliyobana, dera na mtandio wachieni wanaokaa pwani. Pete, cheni, saa, vua vyote, kamba ikinasa kwenye pete kidole kinaondoka nayo.

Kamba iwe ya ski, yenye mshikio, inayoelea, urefu wa kawaida ni mita 23 hivi. Kamba ya nanga hapana. Na usijizungushie mkononi wala kiunoni ati usiteleze. Ukishaona mambo yamekushinda, wachia. Wapo walioumia kwa sababu walikataa kuwachia.

Mashine. Ile ya nguvu za farasi 15 inayokwenda kuvulia haimtoi mtu mzima majini, itamburura tu na kumnywesha maji. Inatakiwa boti nyepesi na mashine ya kutosha, ifike kama kilomita 35 mpaka 40 kwa saa kwa mtu mzima, mtoto hata 25 zinamtosha. Nahodha afunge ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine mkononi mwake, asiiwache inaning'inia kama pambo, maana akirushwa yeye boti inabaki peke yake inazunguka na nyie mko majini.

Hapo hapo kwenye mashine, wale wenye jamaa Kenya mkialikwa kuski Naivasha msiende na hesabu za hapa. Lile ziwa liko juu, kama mita 1,880 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, na mashine ya petroli inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo kule imeshapoteza karibu moja ya tano kabla hujashika kamba. Halafu maji baridi hayakubebi kama maji ya chumvi, utajiona mzito wakati wa kuanza, asubuhi kuna baridi ya kweli, na ziwa lina viboko. Huyo kiboko mimi sina la kukufundisha, muulizeni mwenyeji wapi msipite, na akisema msipite, msipite.

Kuinuka kwenyewe kunawatesa wengi bure. Aliyeanzisha mchezo huu ni kijana wa miaka 18, Ralph Samuelson, kwenye Ziwa Pepin huko Minnesota, Marekani, mwaka 1922, na alizama sana kabla hajagundua kwamba ncha za ski lazima ziwe nje ya maji huku mwili umeegemea nyuma. Basi ndo hivyo hivyo mpaka leo. Chuchumaa majini, magoti karibu na kifua, mikono imenyooka, ncha za ski juu, kisha tulia boti ikuinue yenyewe. Ukivuta mshikio kuja kifuani unakwenda chali, ukiharakisha kusimama unakwenda kifudifudi.

Ishara mkubaliane pwani, maana baharini mtapiga kelele mpaka koo likauke na hakuna atakayesikia. Dole gumba juu ongeza, chini punguza, mkono ukipita shingoni zima mashine, kupiga piga kichwa ni turudi. Ukianguka na uko salama, inua mikono ukutanishe juu ya kichwa. Usipoinua tutajua umeumia.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae niandike.

Maji. Watu wa mjini wanayajua maji kujaa na kupwa kwa kuyaangalia Forodhani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyopwa huku kwetu inafika karibu mita 4, na yote hayo yanatoka kwa masaa 6 na dakika zake. Nungwi na Kendwa hayaendi mbali. Lakini upande wa mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani, mpaka Chwaka, ndani ya mwamba panabaki mchanga unatembea kwa miguu, na kwenye mchanga ule ndo kuna mashamba ya mwani. Kilimo hicho kipo tangu mwaka 1989, wengi ni kina mama, wanachomeka vijiti safu kwa safu na kamba zinapita katikati. Maji yakijaa huoni kijiti hata kimoja, unaona buluu tu, unasema mashaallah, hapa ndo pa kuski.

Idd moja kijana wa rafiki yangu na wenzake walileta boti kutoka kaskazini pamoja na nahodha wake. Hodari kwao, huku mgeni. Mie nilikuwa nimekaa kivulini pwani na kina mama waliokuwa wanafunga mwani, bi mkubwa mmoja akawaita, wanangu, huko kuna mashamba yetu, piteni kwenye mlango wa mwamba, penye maji makuu. Wakamwambia shikamoo bibi, sisi tunapita juu kwa juu. Na kweli boti ikikimbia inainuka, haigusi kitu. Wakaanza picha, wakala biriani, wakabishana nani awe wa mwanzo, na maji hayamngoji mtu, walipoanza kuvutana yalikuwa yameshatoka kwa masaa mawili na ushee.

Anayevutwa naye anapita juu kwa juu, mpaka aanguke. Na mgeni wa ski lazima aanguke. Yule mtoto wa rafiki yangu akaanguka penye maji ya kiunoni katikati ya safu, kijiti kikampasua paja. Kwenye boti hakuna aliyejua. Nahodha macho mbele, wawili waliobaki wanajirikodi video wao wenyewe. Boti ikaenda zake. Tulioona ni sisi wa pwani, tukapiga kelele tukapunga kanga, mashine inameza sauti. Walipokuja kushtuka nahodha akakata kona kali kurudi, kamba iliyolegea ikaingia kwenye panga la mashine pamoja na kamba za mwani, mashine ikafa. Hawana pondo, hawana kasia, hawana hata kisu cha kukatia. Wamekaa mule wanamtizama mwenzao anatoka damu na hawawezi kumfikia.

Aliyemfikia ni yule bi mkubwa na wenzake wawili, kwa miguu, nguo zimerowa mpaka kifuani. Akavua kanga ya juu akaikunja akaigandamiza pajani asiiwachie mpaka tumemfikisha kwenye gari. Akashonwa, akapigwa sindano ya pepopunda, leo anatembea, alhamdulillahi. Mwani uliong'oka waliulipa, na ilikuwa haki.

Kwa hiyo kabla ya yote angalieni mwezi, ulizeni maji yanajaa saa ngapi, anzeni lisaa kabla hayajajaa na mtoke mara tu yanapoanza kutoka. Muulizeni mtu wa pale pale, khasa mama wa mwani na mzee wa madema, si nahodha wa kuja. Upande wa mashariki mie ningewashauri msiski kabisa ndani ya mwamba, lakini najua hamsikii. Na kwenye boti awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia nyuma tu, hana simu, hana soda, hazungumzi na mtu. Akiona mwenzenu kaanguka amwambie nahodha pale pale, na nahodha amrudie taratibu, amweke upande wake anaomuona, azime mashine kabisa kabla hajamsogelea. Kisu, kasia, pondo, viwemo.

Upepo nao. Kusi likivuma nendeni magharibi, kaskazi ikivuma Nungwi inachafuka, na asubuhi mapema ndo bahari imelala. Pemba hivyo hivyo, upande wa magharibi kuna ghuba zimejikinga, ila Misali ni hifadhi, ulizeni kwanza panaporuhusiwa. Penye watu wanaoogelea msipite, penye nyavu msipite, penye wazamiaji khasa msipite, mtu yuko chini humuoni. Mtu asikae nyuma kabisa karibu na mashine inayowaka, ule moshi unalewesha na unaua. Namba ya KMKM, kikosi cha serikali kinacholinda bahari yetu, iwe kwenye simu ya aliyebaki pwani, na aliyebaki pwani ajue mmekwenda wapi na mnarudi saa ngapi. Asiyejua kuogelea asiende, laifujaketi si ruhusa. Usile ukashiba ukaingia, usiingie jua linapozama, mtoto asipakatwe kwenye boti inayovuta. Na petroli msiulize imo ngapi, fungueni tangi mtizame wenyewe.