Mapango ya Amboni hadi majimoto ya Galanos kwa miguu, mzunguko wa kutwa

Ukishuka kwenye daladala ya kutoka Tanga mjini, mbele yako kuna kama kilomita 11: mbili na nusu hadi Kiomoni, kijiji cha mapangoni, mbili na nusu kurudi lami, mbili hadi ng'ambo ya mto Sigi, mbili kuingia majimoto na mbili kutoka. Kwa mwendo huo mtu hachoki sana. Wengi wanakwamia ndani ya pango, kwa sababu ya tochi na viatu.

1. Msimu. Juni hadi Septemba. Masika, Machi hadi Mei, achana nayo kabisa: mapango yamepangana kando ya mto Mkulumuzi, na mto ukijaa sehemu za chini huwa matope matupu.

2. Usafiri. Panda daladala ya Amboni kabla ya saa moja asubuhi, mwambie konda akushushe njia panda ya mapangoni. Lipa kiingilio, chukua mwongozaji.

3. Maji. Lita tatu kwa kila mtu, na karanga za chumvi. Joto la Tanga lina unyevu, jasho halikauki, hivyo unapoteza maji bila kujijua.

4. Ndani ya pango. Hapa msiwe na haraka.

Tochi ya simu haifai. Inakula mkono mmoja, na kuna vipenyo utakavyopita kwa magoti ukihitaji yote miwili. Tena ikidondoka kwenye tope umepoteza tochi na simu kwa mpigo. Vaa tochi ya kichwani, ya pili iwe mfukoni, betri za akiba kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Tochi moja kwa watu watatu ni kujitafutia balaa: wa nyuma anakanyaga kivuli cha wa mbele.

Viatu viwe raba zenye meno marefu. Ndala zinabaki kwenye tope, mabuti ya mvua yana soli laini. Na tope lenyewe si adui mkubwa. Kibaya zaidi ni jiwe la chokaa lililosuguliwa na nyayo za watu miaka na miaka, likipata unyevu. Linang'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta. Ukiliona, kwangua kwanza tope la soli kwenye ukingo mkali wa jiwe, maana meno yakishajaa raba ni sawa na ndala tu. Kisha geuka uso uelekee mwamba, ushuke kinyumenyume, ukihamisha mguu au mkono mmoja kwa wakati.

Kabla ya kushika ukuta, umulike. Penye kinyesi cha popo usiguse, usikae, usijifute uso. Vaa barakoa pakavu penye vumbi lake. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa Marburg, ugonjwa wa virusi unaobebwa na popo, baada ya kuingia pango la popo nchini Uganda, kwa hiyo tahadhari hii si uoga.

Penye mzimu utaona vitu vilivyowekwa na watu wenye nadhiri zao. Usiguse, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Utasimuliwa pia kwamba njia inatokea Mombasa. Upimaji wa Wajerumani na Waturuki mwaka 1994 ulikuta mapango kumi yaliyo mbalimbali, refu kuliko yote likiwa na mita 900. Hadithi ni tamu, lakini usiifuate kwenye kichochoro kisicho na mwongozaji.

5. Galanos. Rudi lami, elekea upande wa Horohoro, mpakani mwa Kenya. Ukivuka tu daraja la Sigi, tafuta njia ya kuchepuka. Usitegemee kibao, uliza "majimoto". Ukikaribia, harufu ya mayai viza itakuongoza. Vua pete na cheni za fedha kabla ya kugusa maji, kwani salfa inazifanya nyeusi. Ukiwa na michubuko ya mapangoni, itawasha. Toka saa kumi ili ukamate daladala ya kurudi mjini kungali mchana.